Milango Arobaini na Moja

Nilianzia kwenye kivuko cha reli kwa sababu kata inaanzia hapo. Nilifuata mkono wa kushoto mpaka mwisho wa barabara, nikavuka, nikarudi kwa mkono wa pili. Kwa njia hiyo hakuna nyumba inayorukwa na hakuna inayohesabiwa mara mbili. Nilifundisha hesabu kwa miaka kumi na mmoja, na sikuona sababu ya kuhesabu kwa namna nyingine.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya pili ya Juni 1999. Vita vilikuwa upande wa Kabalo, na watu waliovikimbia waliingia Kamina kwa miguu, wakifuata reli. Shirika lililoniajiri lilitaka kuwapa unga, maharagwe na mafuta ya kula. Mkuu wa mradi, Monsieur Albert, alikuwa ametumwa kutoka Lubumbashi. Alifika ofisini kabla yetu sote na alisoma kila ripoti mpaka ukurasa wa mwisho. Aliniagiza niandike namba kwa chokaa kwenye mlango wa kila nyumba wanayokaa waliokimbia vita, ili Jumamosi lori litakapokuja wapakuaji wajue pa kusimama.

"Nyumba ya wenyeji usiiguse," alisema. "Namba njo chakula." Njo ni ndiyo kwa Kiswahili cha Katanga.

Kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa waliokimbia vita hawakutawanyika. Mkuu wa kata alikuwa amewaweka katika nyumba za matofali zilizoachwa na Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993. Wakati ule nilikuwa mwalimu Bukama, na niliona treni zao zikipita, watu wamekaa mpaka juu ya mabehewa. Nilihamia Kamina mwaka 1996, na nikazikuta nyumba hizo zikiwa hazina mabati wala madirisha. Milango tu ndiyo iliyobaki. Ilikuwa milango mizuri, ya mbao za mulombwa, ambayo fundi yeyote angeitamani. Kila mwaka, mvua zikiisha, wanawake wa kata waliipaka udongo mwekundu, mlango baada ya mlango, ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu. Nilidhani ni desturi ya huku ya kutunza nyumba iliyofungwa.

Mwaka huo pia walikuwa wameipaka, mwezi wa tano, ingawa nyumba sasa zilikuwa na watu chini ya maturubai ya shirika. Udongo ulikuwa laini na mkavu, na chokaa ilishika vizuri. Namba zangu zilionekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Jambo moja nililiona siku hiyo na sikulipa uzito. Katika mji huu, ukipita na kalamu na daftari, watu wanakufuata. Wanataka kujua orodha ni ya nini, na kwa nini jirani ameandikwa na wao hawakuandikwa. Siku hiyo hakuna aliyenifuata. Wanawake waliokuwa wakifagia waliacha kufagia nilipokaribia, wakaingia ndani, na nilipopita nilisikia mafagio yakianza tena. Kwa muda wa saa sita hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kama na yeye anaweza kuandikwa.

Aliyeniuliza kitu alikuwa mama Émerence peke yake. Alikuwa mkulima, Mkatoliki, mjane wa miaka kama sitini, na nyumba yake ilipakana na nyumba niliyoipa namba kumi na saba.

"Wafwako, mwalimu," alinisalimia kwa Kiluba. "Uko unafanya nini pale?"

"Naandika namba, mama. Ni ya chakula."

"Chakula iko na namba?"

"Chakula haina. Nyumba njo iko nayo."

Alitazama ndoo, kisha brashi, kisha mkono wangu.

"Weye ulitokaka wapi?"

"Bukama."

"Ah. Bukama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejibiwa swali jingine kabisa. Akaingia ndani kwake.

Katika namba kumi na saba alikaa Ndaya, mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano. Alikuwa ametembea siku kumi na tisa kutoka upande wa Kabalo. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na miguu yake ilikuwa imevimba hata hakuweza kuvaa viatu. Mume wake hakujulikana aliko. Niliandika hayo yote katika daftari, kwa mpangilio huo.

Jioni, nikirudi, nilimkuta Monga, kijana wa kata, kwenye kivuko cha reli, ameegemea baiskeli yake. Tangu vita vianze, yeye na wenzake walikuwa wameweka kizuizi pale na kuwauliza wapita njia hati zao. Walisema waasi wanaingia mjini wakijifanya wamekimbia vita. Alinisalimia kwa heshima ya mwalimu.

"Maître! Kazi propre hiyo, safi. Ulianzia hapa?"

"Hapa."

"Kushoto kwanza?"

"Kushoto kwanza."

"Njo vile. Muntu wa masomo anaonekana." Alitazama barabara, namba nyeupe zikififia kwa giza lililoanza kuingia. "Zilifika ngapi?"

"Arobaini na moja."

Alicheka kidogo, bila dhihaka, kama mtu aliyekuta kipande cha chombo kinaingia mahali pake.

"Ile ile," alisema.

Nilimuuliza ile ile gani. Alikuwa tayari ameshapanda baiskeli.

*

Jumanne asubuhi nilipita kuhakiki. Kulikuwa na baridi ya Juni na ukungu ulikuwa umelala juu ya reli. Namba moja hapakuwa na mtu. Namba mbili hapakuwa na mtu. Namba tatu, sufuria ilikuwa juu ya mafiga, maji ndani yake bado yakitoa mvuke, na makaa yalikuwa mekundu. Niliita mara tatu. Niligusa mkeka: ulikuwa na joto. Hapakuwa na nyayo za haraka, hapakuwa na kitu kilichoanguka. Watu wazima watano na watoto wanane, kwa mujibu wa daftari, walikuwa wameondoka dakika chache kabla sijafika, na barabarani sikukutana na mtu.

Siku hiyo nilihesabu nyumba tupu tisa. Jumatano zilikuwa ishirini na sita.

Nilimpelekea Monsieur Albert takwimu. Alizisoma kwa makini.

"Banaenda kujiandikisha kata nyingine," alisema. "Chakula mara mbili. Nilishaona hivyo mara nyingi."

Maelezo yake yalikuwa na mantiki, ila hakuna mtu anayeacha sufuria yake kwenda kujiandikisha. Nilimwambia hivyo. Alisema niandike katika sehemu ya maoni.

Mchana wa Jumatano nilifika namba kumi na saba. Ndaya alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha mbele yake juani. Alikuwa peke yake kwa upande ule wa barabara. Kumi na sita walikuwa wameondoka, kumi na nane pia.

"Baba," alisema, "futa ile kitu."

"Nikifuta, Jumamosi lori itakupita."

"Ipite."

"Uko na mimba ya miezi minane."

"Mimba najua. Minyi njo naibeba."

Nilimuuliza nani amemtisha.

"Hakuna. Mbele ya weye kuandika, bantu ya huku bakipita banatusalimia. Sasa bakifika ku mulango banaangalia chini. Hata batoto. Benzangu baliona, banaenda mu pori. Minyi na hii miguu nitaenda wapi?" Aliniangalia. "Futa, baba."

Sikuwa na agizo la kufuta, lakini chokaa ilikuwa yangu. Nilichota maji, nikachukua kitambaa, nikasugua mpaka namba ikatoka, na udongo mwekundu ukatoka pamoja nayo. Mbao ilibaki tupu na yenye maji, nyeusi kabisa. Nilimwonyesha. Alishukuru.

Kisha nilikaa juu ya ndoo kuandika katika daftari kwamba namba imeondolewa kwa ombi la mhusika. Jua lilikuwa linapiga mlango. Nilipoinua macho, mbao ilikuwa imeanza kukauka, na katikati yake kulikuwa na alama ya kijivu. Niliitazama ikigeuka nyeupe. Kwanza mstari mmoja, kisha wa pili, kisha wa juu. Ilikuwa mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule.

Kumi na saba.

"Ulisema umefuta," Ndaya alisema.

Nilisugua tena, kwa nguvu. Ilipotea kwenye maji. Ilirudi mbao ilipokauka. Mara ya tatu nilitumia mchanga, na ilirudi hivyo hivyo, ikiwa imefifia kidogo tu. Hapo ndipo nilipoitazama kama mwalimu anavyotazama daftari la mwanafunzi. Mimi saba yangu ina kistari katikati, na nimeiandika hivyo tangu shule ya msingi. Saba hii haikuwa na kistari.

Niliondoka bila kumweleza kitu, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kueleza.

*

Alhamisi asubuhi mke wangu, Séphora, alitoka kufagia na akarudi ndani bila fagio.

"Baba Ariel. Toka uone."

Kwenye mlango wetu, kwa chokaa mbichi iliyokuwa bado inatiririka, palikuwa pameandikwa arobaini na mbili.

Nataka kueleza kilichotokea bila kuongeza kitu. Mimi si mkimbizi. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kwa karatasi halali, upande wa pili wa kata. Namba zilikuwa kazi yangu, na hakuna aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba maana yake ni unga, maharagwe na mafuta. Lakini kabla sijafikiri neno lolote nilikuwa nimepiga magoti, nina kitambaa mkononi, na nilikuwa nasugua. Jirani wa kulia alipita kwenda kisimani. Kila siku hunisalimia. Aliangalia chini.

"Futa mbio," Séphora alisema. "Futa mbio, bantu banaanza kutembea."

Mkono wangu ulisimama. Nilikuwa nimekumbuka sauti ya Ndaya ikisema neno lile lile, na mimi nikimjibu habari za lori.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama Émerence, yule pekee aliyeniuliza kitu siku ya Jumatatu. Alikuwa anamenya mihogo uani. Chini ya kucha zake kulikuwa na weupe ambao haukuwa wa mihogo.

"Ni weye," nilisema.

"Minyi njo niliandika. Kaa, mwalimu." Alinisogezea kigoda. "Uliogopa?"

"Niliogopa."

"Bon. Sasa tunaweza kusema."

Alisema bila kuacha kumenya. Mwaka 1992 vijana wa kata walipita na ndoo ya chokaa. Walianzia kwenye kivuko cha reli, kushoto kwanza, na kila nyumba ya Mkasai waliipa namba mlangoni, na namba hiyo wakaiandika katika daftari. Wenyeji waliangalia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, hapakutokea kitu. Siku ya tano walikuja na daftari na mapanga, wakafuata namba kwa mpangilio. Waliita namba, si majina. "Moja, tokeni. Mbili, tokeni." Watu walitolewa, wakapelekwa gare, yaani stesheni ya treni, wakalala pale sakafuni miezi kungoja treni. Namba kumi na saba ilikuwa ya Kalombo, mfanyakazi wa reli, jirani wa mama Émerence kwa miaka ishirini. Alifunga mlango. Waliondoa mabati na kuingia kwa juu. Alifia gare siku ya tatu.

"Na sisi tulibakia na ile milango," alisema. "Kila mara unatoka asubui, inakuangalia. Chokaa yabo balitia chumvi, inaingia mu mbao. Tulisugua, haitoke. Basi sisi banamuke tulipaka udongo. Mvua inaosha, tunapaka. Mvua inaosha, tunapaka. Kila mwaka."

"Nyumba ngapi?"

"Weye njo ulihesabu. Arobaini na moja."

Nilielewa basi kila kitu, na kila kitu kilikuwa na maelezo. Nyumba zilikuwa zile zile kwa sababu wasio na nyumba huwekwa katika nyumba zisizo na watu. Namba zilikuwa zile zile kwa sababu kazi ilianzia mahali pale pale na kufuata upande ule ule, kama mtu yeyote aliyesoma angefanya. Chokaa yenye chumvi hushika mbao. Yangu ilikuwa ya maji tu. Hapakuwa na kitu cha kutisha ndani yake, ukikitazama kipande kwa kipande. Nilikitazama kipande kwa kipande, na nikasogeza kigoda mbali na ukuta wa namba kumi na saba.

Niliziona treni za Wakasai pale Bukama. Milango yao sikuiona.

"Uliandika siku gani, mwalimu?" mama Émerence aliuliza.

"Jumatatu."

Alihesabu kwa vidole, ingawa alikuwa ameshajua. "Siku ya tano ni kesho."

*

Monsieur Albert alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo lazima nilitaje. Kisha alivua miwani.

"Monsieur Kisimba, sisi hatuna upande katika mambo yenu ya zamani. Tunalisha benye njaa. Namba ni namba."

"Hatuzisomi peke yetu, Monsieur. Wengine pia wanazisoma."

"Na fomu nitaandika nini? Kwamba chokaa ilikumbusha bantu kitu? Nikibadilisha utaratibu leo, Lubumbashi watarudisha lori, na tutangoja wiki tatu. Ule mwanamke wako wa miezi minane ana wiki tatu?"

Hakuwa na wiki tatu. Swali lake lilikuwa la haki.

"Basi tuandike nyumba zote," nilisema.

"Zote? Ukiandika namba kila mulango, namba inakuwa haina maana tena!"

Nilimwomba arudie. Alirudia, kwa hasira kidogo, akidhani sikusikia. Nilimshukuru, nikachukua ndoo mbili za chokaa zilizokuwa stoo, na nikatia sahihi kwamba nimezichukua.

Nilianza na namba iliyofuata, arobaini na tatu, ambayo ilikuwa ya mama Émerence mwenyewe. Yeye alinitangulia kwenye milango mingine. Wengi walikataa. Mchungaji wetu wa Kimetodisti alisema nyumba ya kanisa haiwezi kuchafuliwa. Mama Émerence alimjibu kwamba mwaka ule haikuchafuliwa, ilibaki safi kabisa, na waliopita mbele yake kwenda gare waliiona jinsi ilivyokuwa safi. Mchungaji alisogea kando ya mlango. Halafu akasema, "Andika. Lakini andika vizuri." Ikawa sitini na moja.

Mkuu wa kata alikuwa themanini na saba. Jirani yake, mama mzazi wa Monga, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Mulango yangu? Minyi niko mukimbizi? Nilizaliwa hapa, nitakufa hapa!"

"Njo sababu tunaandika," mama Émerence alisema. "Mutoto wako akikuya kesho na daftari, aanzie kwako."

Yule mama alimtazama. Niliona uso wake ukibadilika polepole, na nilijua kwamba mwaka 1992 pia alikuwa amesimama pale pale. Alisogea pembeni. Themanini na nane.

Chokaa iliisha kwenye mia moja ishirini na sita. Ilikuwa Ijumaa asubuhi na ukungu haujatoka. Mama Émerence aliingia ndani kwake na kutoka na kapu la pemba, udongo mweupe wa mtoni ambao Waluba humpaka mwanamke aliyejifungua salama, na mtu aliyerudi kutoka mahali ambapo watu hawarudi. Kanisani kwetu hatuutumii. Kwao Wakatoliki pia, kwa mujibu wa padri, hawautumii. Aliuponda, akautia maji, akanipa. Nilichovya brashi.

Saa sita mchana niliandika mia mbili na kumi na mbili, na kata ilikwisha. Nilirudi mwanzo kwa kupita katikati ya barabara. Pande zote mbili, mpaka macho yalipoishia, milango yote ilinitazama. Hapakuwa na sauti. Watu walikuwa ndani, kila mmoja nyuma ya namba yake, wakingoja.

*

Walikuja saa tisa, vijana kama ishirini, na mapanga. Monga alikuwa mbele na daftari la shule lenye jalada la bluu, la zamani sana, kingo zake zimeliwa na mende.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha namba kumi na saba. Nyuma yangu, ndani, nilisikia pumzi ya Ndaya, fupi fupi. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Mama Émerence alikuwa naye.

Walisimama kwenye namba moja. Ilikuwa tupu. Kabla hawajafika mbili walikuta mia moja na tisini, kwenye nyumba ya mtu waliyemjua, halafu mbili, halafu mia moja na tisini na moja. Nilimwona Monga akifungua daftari, akilifunga, akilifungua tena. Kijana mmoja aliacha kundi, akaenda mpaka mlango wa kwao.

"Eh! Nani aliandika kwetu?"

"Na kwetu! Angalia, mia moja arobaini!"

"Weye baba yako ni muasi?"

"Muasi ni wako! Kwenu iko namba kubwa kuliko yetu!"

Mtu alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika kata tangu asubuhi. Kijana aliyetoka kwanza alichota maji akaanza kusugua mlango wa kwao, na mwenzake akamshika mkono.

"Ukifuta yenu, yetu itabakia peke yake. Acha."

"Basi ufute na yenu."

"Na ya Monga? Kwao pia iko! Themanini na nane!"

Monga aligeuka. Mama yake alikuwa ametoka na kusimama chini ya namba yake, mikono ameikunja kama siku iliyopita.

"Mama, ingia ndani."

"Niite namba," mama yake alisema. "Si njo munaitaka vile? Sema, themanini na nane, tokeni. Niko natoka."

Hakusema. Alikuja mpaka mbele yangu, taratibu, daftari likiwa limening'inia mkononi. Alitazama namba juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeiandika upya kwa pemba, saba yangu yenye kistari juu ya saba yao isiyo na kistari.

Ndani Ndaya alilia mara moja, kwa sauti kubwa, na akanyamaza. Monga alisikia. Sote wawili tulitazama ardhi kati yetu.

"Mwalimu," alisema, "umeharibu hesabu."

"Nimeimaliza," nilisema. "Ninyi mliacha mia moja na sabini na moja."

Alifungua daftari, akapitisha kidole juu ya ukurasa, akalifunga. Kisha alitia daftari ndani ya shati lake na kwenda zake kwa njia ya kivuko, na wengine wakamfuata wakiendelea kubishana nani aliyekuwa na namba kubwa.

Saa kumi na moja mtoto alizaliwa. Msichana. Mama Émerence alimpaka Ndaya pemba iliyobaki kwenye ndoo, kwenye paji la uso na mabega. Sikuuliza padri angesema nini.

*

Jumamosi lori lilisimama kwenye kivuko, na wapakuaji wakateremka na orodha ya nyumba arobaini na moja katika kata yenye namba mia mbili na kumi na mbili. Monsieur Albert alitembea barabara nzima, akarudi, akaniambia kazi yangu imekwisha. Nilisema naelewa. Hakulirudisha lori, hata hivyo. Alikaa na wanawake wa kanisa letu na wa parokia mpaka jioni, na chakula kikashushwa zahanati, kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto, wa kutoka Kabalo na wa hapa. Wiki iliyofuata watu walianza kurudi kutoka porini. Nilirudi kufundisha.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Oktoba, usiku kucha. Asubuhi nilitoka kuangalia, kwa sababu nilitaka kujua kitakachotokea. Chokaa yangu ilikuwa imeondoka. Pemba ilikuwa imeondoka. Milango ya wenyeji ilikuwa safi, na wangu pia. Kwenye ile milango arobaini na moja, udongo mwekundu ulikuwa umetiririka mpaka mtaroni, na jua lilipoanza kukausha mbao, chokaa ya zamani ilianza kutokea: moja, mbili, tatu, mbele ya macho yangu, kwa mpangilio, kama vile kuna mtu anatembea mbele yangu na brashi na mimi simwoni. Niliifuata mpaka kumi na saba. Ndaya alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, akiitazama.

Nilirudi nyumbani kuchukua ndoo, ili zile arobaini na moja zisibaki tena pekee. Njiani nilipita mbele ya nyumba ya mama yake Monga. Alikuwa ametangulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, na bakuli la pemba pembeni, anaandika upya mlangoni kwake kwa kidole. Mlango uliofuata pia kulikuwa na mtu amepiga magoti, na uliofuata.

Mama yake Monga hakuwahi kwenda shule, na alikuwa akikumbuka umbo tu. Nane ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa imelala ubavu.

"Iko muzuri, mwalimu?" aliuliza.

Sikuirekebisha.